Sikio la Kulia la Emil Kubena

Emil Kubena, mkulima wa mahindi hapa kwetu Kaunti ya Lavaca, Texas, alikuwa amebakiwa na sikio moja linalosikia. La kushoto lilikwenda na matrekta na bunduki. Daktari alimwambia kwamba la kulia litafuata iwapo ataendelea kuwapiga risasi nguruwe mwitu akiwa ndani ya pikapu. Emil hakumbishia. Yeye ndiye mpiga kodiani kwenye dansi za parokia, na asiyesikia ngoma hawezi kuwachezesha watu polka. Lakini nguruwe wakiachwa, shamba linakwisha.

Bunduki yake ilikuwa ya mtutu mfupi, ili igeuke kwa urahisi dirishani. Kilichobaki kilikuwa kizuia sauti cha kufunga mdomoni mwa mtutu. Jumamosi akaenda mjini, kwenye duka la bunduki la Dwayne Orsak. Mkewe, Lorene, alifuatana naye kwa kuwa alihitaji mkate.

Dwayne aliweka viwili mezani: kimoja kifupi na chepesi, kingine cha chuma, kirefu kama chupa ya bia.

"Mtutu mfupi hutema moto kabla baruti haijamaliza kuungua," alisema. "Hicho kidogo kitazidiwa, mzee."

"Na hicho kikubwa kitairefusha bunduki iwe kama ile ndefu niliyoiuza."

"Basi vijaribu."

Nyuma ya duka kuna uwanja wa shabaha, na hapo hapigi mtu bila vifunika masikio. Kwa hiyo wanaume wa huku huchagua vizuia sauti wakiwa wameziba masikio, kisha hujadiliana kwa kirefu ni kipi kina sauti nzuri.

Emil alijaribu kimoja, akajaribu na kingine.

"Vyote sawa," alisema kwa sauti kubwa. "Nipe kidogo."

Lorene, aliyekuwa akingoja kwenye pikapu na madirisha wazi, akashuka.

"Cha kwanza kimenimwagisha kahawa," alisema. "Cha pili ni kama mtu anagonga msumari kwa jirani. Cha pili kilikuwa kipi?"

"Kikubwa, mama," alijibu Dwayne.

"Tunachukua hicho."

"Wewe unajua nini kuhusu bunduki?" Emil aliuliza.

"Sijui kitu. Ila masikio ninayo mawili, baba. Na mimi ndiye ninayeulizwa 'eti nini?' mezani kila siku."

Dwayne akaanza kufuta miwani yake iliyokuwa safi.

"Haitageuka dirishani," Emil alisema.

"Utashuka. Miguu yako daktari hakuisema."

Kibali cha serikali cha kumiliki kizuia sauti kilipotoka, Emil alikwenda shambani alfajiri. Nguruwe walikuwepo. Alipofungua mlango wa pikapu ili ashuke, bawaba ililia, nao wakatawanyika wote. Akarudi nyumbani bila kufyatua hata risasi moja.

"Bawaba inalia," alimwambia Lorene. "Nimeisikia mwenyewe."

"Kwa sikio lipi?"

"Ninalo lipi jingine?"

Lorene akaenda kumtafutia mafuta ya cherehani.