Picha ya Ubongo Wangu

Miaka ile biashara huria iliporuhusiwa, kila mtu alianza kuuza kitu. Mimi, mwalimu wa shule ya msingi, niliamua kuuza feni Njombe, mji ambao mwezi wa saba watu hushinda na makoti. Mfanyabiashara wa Makambako aliyenipakilia mzigo alisita.

"Mwalimu, una hakika?"

Nilimhutubia kuhusu faida za upepo mpaka adhana ikamwokoa.

Nilikuwa sijalala siku sita. Baada ya hapo nililala miezi miwili, nikilia. Mke wangu akanipeleka Dar es Salaam, ambako daktari alisema nina ugonjwa wa hisia kupanda na kushuka kupita kiasi. Kwa kuwa nilikuwa nikiyumba nikitembea, akaagiza nipigwe picha ya kichwa.

"Ubongo mdogo, huku nyuma, umesinyaa kidogo," alisema. "Ndio unaoongoza mwendo. Wapo wanaodhani unagusa hata hisia, lakini picha hii haithibitishi ugonjwa wako. Mimi nimeujua kwa maelezo ya mkeo."

Niliumia. Nilitaka ushahidi wa kisayansi, nikapewa mke. Hata hivyo nilianza vidonge, na taratibu vikanituliza. Tukirudi nyumbani, kuanzia Makambako nililionyesha basi zima picha ile, nikifafanua kama bingwa, ingawa nilikuwa nimeigeuza juu chini.

Nyumbani mama yangu aliiinua dirishani, akaitazama kwa muda mrefu.

"Kumbe ubongo umo," alisema, akaenda kuchochea moto.