Mashine Iliyowaita Wanawake Wetu Kelele

Mtu asiyewahi kurekodi Garissa asinifundishe habari za ukimya. Studio yangu ni chumba kimoja nyuma ya duka la vitambaa. Kuta nimezifunika kwa magodoro na mablanketi, lakini paa ni mabati, na juu ya mabati hayo hutembea korongo, wale wakubwa wenye vipara wanaojiona wenye mji. Kila hatua yao inasikika ndani kama sufuria inayodondoka. Ukuta kwa ukuta na mimi kuna fundi wa kuchomelea mageti, na stima ikipotea anawasha jenereta. Feni siwezi kuiwasha, maana feni nayo ina mdomo wake. Humo ndani mimi ndiye mpiga ngoma na mimi ndiye mrekodi, na kwa kuwa shughuli za wanawake haziingiwi na wanaume, harusi nyingi za hapa huishia mikononi mwangu.

Ndiyo maana kila mara najaribu plagini mpya, zile programu ndogo unazopachika ndani ya programu ya kurekodi, ambazo siku hizi zote zinajigamba kuwa na akili bandia. Watu huniuliza kwa nini sichoki. Nitachokaje? Mteja anasikiliza nyimbo za Nairobi kwenye simu yake, safi kama maziwa yaliyochujwa, halafu ananijia mimi na kuniuliza mbona zangu zinanguruma. Chumba kisichopitisha sauti sitakijenga leo wala kesho. Kila plagini inaniahidi chumba hicho, nami kila mara naamini. Rafiki yangu mwenye studio Eastleigh anaujua ugonjwa wangu huo.

"Sistee, cheki hii kitu," aliniambia kwenye ujumbe wa sauti. "Hii ni noma. Inatoa kila kitu, inabaki sauti ya msanii tu."

Hakunidanganya. Ilitoa kila kitu.

Habaryar wangu, yaani mdogo wake mama, anaishi Modogashe. Kwetu Wasomali ukitaja buraanbur, yale mashairi ambayo wanawake hughani harusini, watu wanamtaja yeye. Alikuwa na uvimbe shingoni, na daktari alimwambia bila kumficha kwamba akishapasuliwa, sauti yake huenda isirudi ilivyokuwa. Harusi ya binti yake ilikuwa imepangwa baada ya upasuaji. Basi akaamua aghani mapema, nimrekodi, sauti itumwe Wajir kwa wakwe kama salamu, kisha ipigwe siku ya harusi. Akaja Garissa siku moja kabla ya kulazwa, yeye na wanawake wenzake, wamejazana kwenye gari la kukodi, vumbi mpaka kwenye kope.

Buraanbur haighaniwi na mtu mmoja. Mwenye maneno anasimama katikati, mwingine anapiga ngoma, waliobaki wanapiga makofi, na kila ukoo wa bibi harusi unapotajwa wanaitikia kwa vigelegele. Makofi hayo ndiyo watu wa bibi harusi. Mama akimsifu binti yake na asipatikane wa kumwitikia, maana yake msichana huyo hana kwao. Hilo hata mtoto wa chekechea hapa analijua.

Tulipoanza tu, stima ikapotea. Nikamkimbilia fundi, Mkamba mmoja wa Mwingi, mtu mpole siku zote.

"Madam, mwenye geti anakuja saa hii," akasema. "Nikizima jenereta atanimaliza."

"Ni wimbo mmoja tu."

"Wimbo ni yako. Geti ni ya huyo."

Tukarekodi hivyo hivyo, kwa betri ya kompyuta. Habaryar alifunga macho, akaweka kiganja juu ya ule uvimbe, akaghani. Alimtaja bintiye, akamtaja mama yangu aliyetangulia, akawataja wanawake wa kwao mmoja baada ya mwingine, na wenzake wakamwitikia kwa nguvu utadhani mabati yatang'oka. Nililia huku nikipiga ngoma. Alipomaliza akanywa maji, akaniambia, "Hiyo ndiyo yote niliyonayo. Itunze."

Walipoondoka nikaipachika ile plagini. Jenereta ikanyamaza. Korongo wakanyamaza. Ikabaki sauti ya Habaryar peke yake, karibu sana, kama aliyeketi begani mwangu. Nikasema Alhamdulillahi kwa sauti kubwa. Makofi yalikuwa yamekwenda pia, na ngoma yangu, lakini nikajiambia kwamba kinachoondoka kesho ni sauti, na sauti tumeipata. Nikamtumia bibi harusi, naye akaituma Wajir.

Habaryar alikuwa bado kitandani hospitalini, shingo imefungwa bandeji, haongei, bibi harusi alipoingia studio kwangu bila hata salamu.

"Mama mkwe amepiga simu," akasema. "Ameuliza kama mama yangu alikuwa anaghania ukuta. Ameuliza kama sisi hatuna watu."

Kisha akaketi kwenye godoro na kulia, na mimi damu ikanipanda kichwani. Nilisikiliza rekodi mbili, ile ya kwanza na ile iliyosafishwa, na kadiri nilivyosikiliza ndivyo nilivyozidi kukasirika. Mashine ilikuwa imepanga mambo mawili tu duniani, sauti na takataka. Upande wa takataka iliwaweka jenereta, korongo, na wanawake waliosafiri kutoka Modogashe kuja kusimama na mwenzao. Wote ndoo moja! Nani aliifundisha hivyo? Najua ni watu waliokaa kwenye vyumba baridi, wakamsikiliza mwimbaji mmoja nyuma ya kioo, wakadhani wimbo ni hivyo kila mahali. Hakuna aliyekuja kutuuliza. Hata sauti yenyewe ilikuwa imenyooshwa pale anapoipindisha mwishoni mwa mstari, na mpindo ule ndio unaomtambulisha kwamba ni yeye.

Siku hiyo hiyo niliituma Wajir ile ya kwanza, na ndiyo iliyopigwa harusini. Jenereta ilinguruma ukumbi mzima na sikuona haya hata kidogo. Wanawake wa pande zote mbili waliitikia juu ya makofi ya kwenye spika, mama mkwe naye akiwa mbele. Habaryar alikaa kando ya binti yake akichezesha midomo. Sauti ilikuwa haijarudi, na mpaka leo haijarudi. Anaongea kwa mkwaruzo, na ukiwa mbali humsikii.

Ungedhani nimekoma. Baada ya harusi yule wa Eastleigh akanitumia nyingine, eti hii inaelewa muziki. Nikaipachika. Nilitaka kitu kimoja tu, itoe jenereta na iniachie wanawake. Kwani nimeomba mwezi? Habaryar alikuwa amepita kwangu akitoka kliniki, akaketi kwenye godoro na chai yake, nikabonyeza tusikilize pamoja.

Jenereta haikuwepo. Sauti yake ya zamani ikajaa chumba, ikamtaja bintiye, ikafika mahali pa kuitikiwa. Kimya. Ikamtaja mama yangu. Kimya tena.

Habaryar aliweka kikombe chini. Nilidhani ataniambia nizime. Badala yake akaanza kupiga makofi, taratibu, peke yake, akiziba mapengo yote ambamo wenzake walikuwa wamefutwa. Alijaribu kigelegele, kikatoka hewa tupu. Akaendelea na makofi.

Nilivuta ngoma nikamwitikia.