Tondo Si Samaki

Siku ya mkutano wa kijiji, mwaka 1978, Mwanahawa binti Issa alibeba moyoni mambo mawili, na moja lilikuwa adui wa jingine. La kwanza ni tope la mikoko. Miaka ishirini alikuwa akilishukia maji yakipwa, akiokota tondo, wale konokono warefu wenye magamba meusi, akawachemsha na kuwauza sokoni Chikongola. Tondo ndio waliomlea bintiye Hadija tangu afiwe na baba. La pili ni Hadija mwenyewe. Sasa alibangua korosho katika kiwanda kipya kando ya mkondo, na mshahara wake ndio ulioezeka nyumba yao bati.

Kiwanda hicho kilimwaga mkondoni maji ya maganda, meusi, yenye mafuta makali yanayochubua ngozi. Tangu masika, Mwanahawa aliokota magamba matupu.

"Mama, leo usinene neno," Hadija alimsihi njiani. "Msimamizi amesema atakayekipiga vita kiwanda, mtoto wake asiende kazini kesho."

"Nitanyamaza, mwanangu."

Na alikusudia hivyo hasa.

Ofisi ya kijiji ilijaa. Elia, afisa kijana aliyetumwa na mkoa kuchunguza malalamiko, alikaa nyuma ya karatasi moja na kidau cha wino. Msimamizi wa kiwanda alisimama mlangoni, mikono kifuani.

"Maelezo yapo tayari," alitangaza Salumu, mwenyekiti wa kijiji. "Kila mtu aweke dole gumba, twende mashambani."

"Yanasemaje?" iliuliza sauti ya nyuma.

"Kwamba mkondoni hakuna samaki waliokufa," Elia alijibu. "Ni kweli, si kweli?"

"Kweli," wanaume waliitika. Samaki walikwisha kukimbilia bahari kuu.

"Mwenye mapezi kakimbia," mama mmoja aliguna. "Tondo akimbie na nini, baiskeli?"

Kicheko kikalipuka. Salumu akagonga meza. "Enyi akina mama, tangu lini tondo akawa samaki?"

Zamu ya Mwanahawa ikafika. Hadija alimfinya kiwiko. Elia akamsogezea wino, lakini macho ya mama huyo yalikuwa kwenye karatasi. Miaka miwili ya kisomo cha watu wazima haikupita bure. Alisoma neno kwa neno, midomo ikicheza. Hakuna samaki waliokufa. Tondo hawakutajwa popote. Hapo akatambua jinsi uongo unavyoweza kujengwa kwa maneno ya kweli matupu, kisha maskini akaitwa authibitishe kwa kidole chake.

"Baba, nipe kalamu," alimwambia Elia. "Dole langu halijui kusoma. Mimi najua."

"Bi Mwanahawa!" Salumu alifoka. "Mfikirie mtoto!"

"Ndiye ninayemfikiria."

Akaandika polepole, jasho likimtiririka: TONDO WAMEKUFA WOTE.

"Huyu ni mama wa nani?" msimamizi aliuliza kutoka mlangoni.

Kila mtu alijua; hakuna aliyejibu. Mwanahawa alitazama sakafu, akiomba binti yake naye anyamaze.

"Wangu," alisema Hadija.

Alipita mbele, akachovya dole gumba, akaligandamiza chini ya maneno ya mama yake. Elia akainama. Palikuwa na doa jeusi la mviringo, laini kama ushanga.

"Umeburuza, dada. Rudia."

Akarudia. Doa lilelile.

"Mistari ya dole lako iko wapi?"

"Muulizeni msimamizi, ndugu. Imeliwa na mafuta yake, hayahaya mnayoambiwa hayaui kitu."

Elia alikishika kile kidole, akakigeuza kwenye mwanga wa dirisha. Kisha akaikata kwa kalamu ile sentensi ya samaki iliyopigwa chapa.

Asubuhi iliyofuata mlinzi alimzuia Hadija getini. Jina lake lilikuwa limefutwa. Hakurudi nyumbani. Aliteremka hadi kwenye mikoko, akamkuta mama yake kwenye tope, na nyuma yake Elia, suruali imekunjwa magotini, akiokota magamba matupu na kuyajaza kikapuni, ayapeleke mkoani.