Bwana Yangu, Mama Yangu na Visiwa ya Lualaba

Mujukuu yangu alirudi juzi ku safari ya ndoa yake. Yeye na bwana yake balipanda ndege, balienda kuzunguka visiwa ya bahari, leo hii, kesho ile. Alikuja hapa Kindu na telefone imejaa mafoto: yeye ndani ya maji, yeye amelala ku kitanda ya kamba, yeye na bwana yake banakula samaki yenye ingali na macho. Akaniambia, ati koko, bibi yangu, wakati yenu vitu kama hii haikuwako. Nilicheka mpaka akaniletea maji. Haikuwako namna gani? Mimi nilizunguka visiwa na bwana yangu hata mama yake hajazaliwa. Tofauti iko moja tu: mimi nilienda na mama yangu.

Ilikuwa vita, ile ya zamani. Asubuhi balinipeleka kwa bwana yangu na ngoma. Mbele jua ilale, ngoma imenyamaza, sasa ni masasi ya bunduki. Wali ya arusi ilibaki ku sufuria, na mpaka leo sijui nani aliikula.

Baba yangu alishakufa. Mama alikuwa muntu wa mutoni, kupiga kasia alishinda wanaume. Alitoa pirogi yake, akasema tutajificha ku visiwa ya muto Lualaba, juu basoda, wale ba bunduki, banaogopa maji. Sasa bwana yangu yeye alikuwa mutoto wa upande ya Kailo, wa mashamba na pori. Maji alijua ile ya kuoga, tena ya ndoo.

Hapo njo shida ilianza. Kwetu, mwanaume na mama mukwe hawaangaliane. Akimukuta ku njia, anaingia ku majani mpaka apite. Hakuli mbele yake, hamuongeleshe. Hiyo ni heshima, na ku kijiji inaenda vizuri, juu majani ni mengi. Lakini ku pirogi, majani iko wapi?

Mama alifikiri kidogo, akavuta mukeka mupya ya arusi, akaniambia nimufunike mwenzangu. Bwana yangu akaketi mbele, mukeka toka kichwa mpaka miguu, mimi katikati, mama nyuma na kasia. Bantu bengine banakimbia pia, bakitupita banatupa pole, banafikiri tunabeba maiti. Mama anaitika, asante, asante. Halafu maiti ikapiga chafya. Ile pirogi ya karibu yetu, sijaonaka bantu kupiga kasia mbio vile.

Kisiwa ya kwanza ilikuwa kubwa, na miti, na matete. Mama akakaa upande ya juu, bwana yangu upande ya chini, na mimi katikati natembeza sahani. Nitasema kweli, hapa ni bakubwa tupu: nilikuwa bibi arusi, nilitaka kitu moja tu, kukaa na bwana yangu. Hata nusu siku, tuongee. Uso yake niliiona siku ya mahari, na siku ile alikuwa ameinamisha kichwa, niliona zaidi nywele. Lakini mama alisema, mutoto haingie kwa bwana yake na mama yuko pale anasikia. Ni haya. Kisiwa moja, haya moja. Nikiketi karibu yake tu, mama ananiita. Mara moto imezima. Mara ameona mamba. Mamba yenyewe, nikifika, ni kipande ya muti.

Kila masasi ikikaribia, tunahama. Mukeka ku kichwa, twende. Kisiwa ya pili ilikuwa ndogo. Bwana yangu alijificha nyuma ya gogo yenye maji ilileta, lakini alikuwa murefu, miguu ilibaki inje. Mama akaniambia nimupashe habari kama miguu yake inamusalimia.

Ya tatu haikuwa hata kisiwa. Ilikuwa muchanga, nyeupe, katikati ya Lualaba, na jani hata moja hapana. Sasa watajificha wapi? Basi baliketi mugongo kwa mugongo, mama anaangalia kule, bwana yangu huku, mimi katikati yao. Wakaanza kuongea kupitia mimi, na walikuwa karibu vile unaweza kupitisha chumvi.

"Mwambie bwana yako samaki imeiva."

Nikamwambia samaki imeiva.

"Mwambie mama nimesikia."

"Mama, amesikia."

"Nimesikia ya kwamba amesikia."

Siku moja nilienda kuosha sufuria kule mwisho ya muchanga. Bwana yangu, mwenye kuangalia upande ya pirogi, akaona kamba imefunguka, pirogi inaanza kwenda yenyewe, polepole. Akaniita, sikusikia. Akapiga makofi. Akakohoa. Mama hageuke. Mwisho alisema, na sauti ya muntu anaingia kanisani amechelewa, "Mama, pirogi inaenda."

Mama alijibu maji, si yeye: "Mutoto yangu akirudi, atamwambia huyu muntu mama mukwe haongeleshwi."

"Mama, inaenda kweli."

"Tena atamwambia mara mbili."

Nilifika na sufuria ku kichwa, wote wawili bakanianzia pamoja, huyu mwambie mama, huyu mwambie bwana yako. Niliangalia mutoni. Pirogi ilikuwa inaelekea Lokandu bila sisi. Nikasema, mama, pirogi imeenda. Hapo njo alisikia, juu habari imepita ku njia yake. Alisimama, akaniambia bwana yangu afunike uso. Ule alijitupa chini ya mukeka kama muntu anakimbia mvua. Mama akatoa kikwembe ya kiunoni, akaingia ndani ya maji.

Mimi nilishika kichwa. Bila pirogi tulikuwa watatu ya kufa pale, na mwenye kuogelea vizuri njo ule amekwenda. Lakini aliifikia, akapanda, akarudi. Hakushuka. Alisimamisha pirogi pembeni, maji inamutiririka, akaangalia juu mawinguni asione mukeka.

"Nipe kikwembe yangu," alisema. "Na sufuria ndogo. Hii muchanga inatosha bantu wawili tu."

Nikamuuliza anaenda wapi. Akanionyesha na kidevu muchanga ingine, pale mbele kidogo. Nilifikiri amekasirika, lakini akinipa mugongo niliona mabega inatikisika. Mama alikuwa anacheka peke yake mutoni.

Bwana yangu alitoa mukeka kidogo, jicho moja. Akauliza kama mama ameenda. Ameenda. Na pirogi? Ameenda nayo. Akatoa mukeka yote, akaangalia maji huku, akaangalia maji kule, halafu akaniangalia mimi, muda murefu, vile bantu banaangalia kitambaa ku soko. Nami nilimuangalia. Alikuwa muzuri, kumbe.

"Unajua kuogelea?" aliniuliza.

"Kidogo."

"Basi nimeoa vizuri," akasema, na akasogea karibu yangu.