Nani Anahesabu Nawe?

Siku moja ninayoikumbuka kila nikishika bunduki, mwanangu, ni ya pili ya Idi Kubwa, hapa Ibra, Omani, mwaka ule nilipofika kutoka Unguja. Nilikuwa na miaka ishirini na mbili, nywele nyingi, na Kiarabu cha msikitini tu: niliweza kuomba dua ndefu, lakini kwenye sinia ya chakula sikuweza kuomba chumvi.

Nakuandikia kwa sababu mama yako amenipigia simu toka Sur. Kasema umeanza kupenda kulenga shabaha, rukhsa umeshapata, na kila Ijumaa unapotea peke yako wadini, kule kwenye bonde la mto mkavu, na kibunduki chako. Kasema pia unaitaka ile yangu ya zamani ila unaona haya kuniambia. Mjomba wako kafanya biashara miaka arubaini, mwanangu. Mtu anayetaka kitu namjua hata kwenye simu ya mtu mwengine.

Ile bunduki niliinunua soko la Nizwa. Nilibishana bei na muuzaji tangu asubuhi mpaka adhana ya adhuhuri, kwa vidole na kwa kukunja uso, mpaka akaniuzia ili aniondoe mbele yake. Baada ya hapo kila Ijumaa, wenzangu wakikaa barazani wakicheka mambo nisiyoyaelewa, mimi nilikwenda wadini peke yangu. Nilipanga makopo juu ya jiwe nikayalenga. Makopo hayakunicheka. Hayakuniita Zinjibari, yaani mtu wa Unguja. Lakini pia hayakunifundisha kitu, na hilo sikuliona.

Basi Idi ile, wanaume wa ukoo walikusanyika chini ya kilima kushindana shabaha. Kila mtu risasi tano, mawe matatu meupe mbele yake. Na desturi yao ilikuwa hivi: hupigi peke yako. Mwenzio anakaa kando yako mkekani anahesabu kwa sauti, ukimaliza unaifungua bunduki, anaangalia ndani, yeye ndiye anayesema "khalas," yaani zimekwisha. Hapo tu ndipo Ami Hamdun, mzee mfupi mwenye bakora, anakwenda kusimamisha mawe upya.

Aliyekaa kando yangu alikuwa binamu yangu Nasor.

"Niache," nikamwambia kwa Kiarabu changu cha kuunga. "Kuhesabu najua."

"Wewe unajua kila kitu," akasema, "ila kusema." Akacheka, akasogea pembeni.

Risasi ya kwanza nikakosa. Ya pili jiwe likaanguka, ya tatu jengine. Ya nne likaruka la mwisho, na watu wote wakasimama. "Zinjibari! Zinjibari!" Jina lile lile, mwanangu, lakini siku hiyo lilikuwa tamu kama halua. Mwaka mzima hakuna aliyeniita kwa furaha. Mkono ukavuta chuma, ganda la risasi likatoka, ukakirudisha mbele kwa mazoea, na mie nikapiga kelele: "Khalas!"

Ami Hamdun akaenda zake kwenye mawe. Nami, kwa kuonesha kwamba bunduki tupu, nikaifyatua.

Risasi ilipiga mwamba hatua moja na mguu wake.

Mzee akarudi polepole. Akaitwaa bunduki, akaiweka mbali nami, akachutama akaokota maganda mkekani. Akahesabu: manne. Akahesabu tena: manne. La tano bado limo bundukini, moto. Kisha akaniangalia na akasema kwa Kiswahili, Kiswahili cha Wete, Pemba, kisafi, ambacho mwaka mzima sikujua kama anacho:

"Mwanangu, nani alikuwa anahesabu nawe?"

"Peke yangu, ami."

"Basi hukuhesabu."

Nilidhani watanifukuza. Alichonambia ni hiki: "Ijumaa njoo kwangu. Nami miaka kumi sina wa kusema naye Kiswahili." Nikenda Ijumaa hiyo, na kila Ijumaa mpaka tulipomzika. Nasor naye alikaa kando yangu mkekani miaka na miaka, akihesabu na kunitania, mpaka naye akatangulia. Siku hizi nikienda, nahesabu mara mbili: mara ya kwanza mimi, mara ya pili kwa sauti ya Nasor. Watu wa pembeni wanadhani nimezeeka. Nimezeeka kweli.

Sasa sikiliza. Usilenge peke yako. Ifungue bunduki mtu mwengine aone ndani, hata kama una hakika. Siku ile mie nilikuwa na hakika sana. Kila risasi itaje kwa sauti. Wakikushangilia, iweke chini kwanza, furaha baadaye. Na upweke, mwanangu, usiupeleke wadini na bunduki. Upeleke kwa mtu.

Bunduki nitakupa, tutaifanyia karatasi zake pamoja kwa serikali. Bei yake ni Ijumaa zako: unanipitia baada ya sala, tunakwenda wote. Macho yangu mabovu, mawe siyaoni tena, lakini masikio yanahesabu. Usijaribu kunibishia, sipunguzi hata Ijumaa moja.

Mwenyezi Mungu akuhifadhi mkono na jicho, akupe mwenzio wa kukaa kando yako maisha yako yote, na asikuoneshe siku ya kusema "peke yangu, ami." Amin. Na Amin ya pili uiseme wewe.