Nilimfungia Mdogo Wangu na Vifaranga

Kosa ni langu. Msinitafutie visingizio, majirani wamenitafutia vya kutosha na nimewachoka! Nawaambia ninyi msionijua, labda mtanisikiliza bila kunibembeleza.

Mimi ndiye mkubwa kwetu. Wazazi walipokufa niliacha shule, nikabaki na wadogo zangu wawili, Neema na kitindamimba wetu. Tunapanga vyumba viwili hapa Morogoro, upande wa mlimani, ambako ukungu wa Uluguru unaingia mpaka chini ya kitanda. Niliapa hakuna atakayetutenganisha. Nikabeba mizigo pale stendi ya mabasi ya Msamvu mpaka nikanunua vifaranga, na sisi tuwe na kitu chetu.

Niliwazungushia boksi chumbani kwa wadogo zangu, nikamwaga maranda, nikaning'iniza balbu ya kuwapa joto. Wakatulia. Halafu siku ya mvua umeme ukakatika, wakaanza kulia na kulaliana kwenye kona. Wakilaliana hivyo, wa chini wanakufa.

Mama, kule milimani, alikuwa anatia makaa kwenye chungu, vifaranga wanakizunguka kama mama yao. Nikafanya vilevile. Mpumbavu mimi! Banda la kupikia la mama lilikuwa la miti na nyasi, lilipumua kila upande. Chumba chetu ni cha saruji, dirisha la kioo, na mimi nikaziba hata upenyo wa chini ya mlango kwa gunia. Mkaa ulikuwa umekolea, hautoi moshi. Nikajiona fundi!

Kitindamimba alikuwa shule. Nikamweka Neema awaangalie. Nilipokuwa navaa koti niwahi mizigo, alikuwa ameshakaa nao kitambo.

"Kaka, kichwa kinaniuma. Nifungue dirisha kidogo?"

"Kichwa chako kinauma kila nikikupa kazi! Siku ya pilau mbona hakiumi?"

"Kweli, kaka."

"Fungua basi. Wakifa, utawaitia padri mwenyewe!"

Akacheka, akakaa bila kufungua. Nikatoka, nikalisokomeza tena gunia chini ya mlango. Alinitii! Hilo ndilo linalonitafuna. Angekuwa mkaidi kama mimi, angefungua.

Niliporudi niliita, kimya. Nikasukuma mlango, gunia likagoma, nikaupiga teke. Neema kalala kifudifudi kando ya boksi. Vifaranga wote wamejinyoosha. Nilimburuta mpaka nje kwenye mvua, namzaba makofi, namwita, natukana hata sijui namtukana nani. Bodaboda akatukimbiza hospitali, Neema akawekewa oksijeni.

Nesi akaniuliza, "Mlifunga mlango na jiko likiwa ndani? Hata mkaa mwekundu unaua, mdogo wangu. Sumu yake hainuki."

Neema yu hai. Lakini mjomba alishuka kutoka milimani, na kwetu Waluguru mjomba ana neno juu ya watoto wa dada yake.

"Shikamoo, mjomba."

Hakuitikia. "Umelea kuku, watoto umewaacha. Nawachukua wote wawili."

Nilitaka kumrukia! Tulipolala na njaa alikuwa wapi? Leo ndiyo amekumbuka njia ya kwetu? Lakini Neema alikuwa ameshafunga nguo zake. Hakunitazama.

Sasa majirani wananiambia ni mkono wa mtu. Wengine, eti Mungu alipanga. Nyamazeni! Hakuna mchawi aliyebeba lile gunia. Mungu hakuziba mlango, niliziba mimi kwa mikono yangu.

Wewe unayefuga nyumbani, nakusema wewe! Jiko la mkaa halikai chumbani na mtu, hata liwe jekundu kama nyanya, hata mvua inyeshe mawe. Umeme ukikatika, jaza maji ya moto kwenye chupa, zifunge matambara, waachie vifaranga wazikumbatie. Huna chupa? Waache na baridi yao. Wakifa, wafe! Kuku atatotoa wengine. Mama yetu hazai tena.