Madafu ya Baba

Baba alikuwa mkwezi wa minazi huko Bububu, na mguu wake wa kulia ulipoanza kuvimba hakuna aliyeuliza sababu. Kila mtu alijua ni madafu. Mkwezi hunywa dafu juu ya mnazi, maji yakashuka mguuni, ndiyo matende hayo. Watu wazima na akili zao waliamini hivyo, na mimi mtoto wa miaka tisa nikawapita wote kwa kuamini.

Mama akampiga marufuku kunywa madafu. Kwa kuwa hakumwamini, akanituma nimfuate shambani kila asubuhi, eti nimchukulie maji ya kunywa. Siku moja, jua kali, nikamwona kule juu anapasua dafu. Nikarudi nyumbani na habari yangu.

“Mama, baba kanywa. Nimemwona.”

Baba aliporudi, Mama hakugomba. Alilia tu. “Ukishindwa kukwea, tutakula nini?”

Baba akanitazama kidogo. “Basi, sinywi tena.”

Na kweli hakunywa. Siku ile nilijiona shujaa; leo najiona mbea tu.

Mguu haukujali. Ulivimba mpaka kitanzi cha kamba anachotia miguuni ili akwee kikawa hakimwenei. Akakilegeza, akakilegeza tena, mwisho akampa mkwezi mwengine. Akawa anakaa uani na mama, anasuka makuti, kazi ya wanawake.

Ndipo akaja bwana afya kutoka mjini. Alimwaga mafuta katika shimo la choo ili mbu wasizaliane humo, akatueleza kuwa matende ni minyoo, myembamba kama uzi, inayoishi ndani ya mwili, na mbu ndiye anayeitoa kwa huyu akampelekea yule. Madafu hayamo kabisa. Vidonge vya kuiua vipo, ila mguu uliokwisha fika pale haurudi.

Mama akajiinamia. Mimi sikuhisi kitu, wala huzuni wala aibu, na mpaka leo jambo hilo linanitisha. Nilisikiliza tu, utadhani unasemwa mguu wa jirani.

Baba hakuuliza lolote juu ya mguu wake. Aliuliza, “Na anayelala ndani ya chandalua?”

“Huyo mbu hampati.”

“Alhamdulillahi,” akasema baba, akaendelea kusuka.

Nyumbani tulikuwa na chandalua kimoja tu, na tangu nizaliwe alikuwa akikifunga kitandani kwangu.